Bakshishi katika mikahawa maalum ya meli za kitalii: anayelipa, anayepokea, na maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kila msimu meli za kitalii zinapotia nanga Kilindini, gumzo la mjini huwa ni la watalii watakaoshuka: watanunua nini, watapanda gari la nani, na nani ataachiwa dola. Bakshishi inayotolewa ndani ya meli yenyewe haizungumzwi sana. Hata hivyo, hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mapato ya wahudumu wanaofanya kazi humo, na vijana wa Mombasa, Kilifi na Kwale ni miongoni mwa wanaotafuta kazi hizo kila mwaka.

Makala haya yanaeleza jinsi bakshishi inavyotozwa katika mikahawa maalum ya meli hizo, adabu inayotarajiwa kwa mgeni, na jinsi pesa hizo zinavyomfikia mhudumu. Yatamfaa anayepanga kusafiri. Yatamfaa zaidi kijana aliyeambiwa na ajenti kwamba mshahara ni mdogo lakini "tip ni nyingi".

Mkahawa maalum ni upi?

Mtu anaponunua tiketi ya meli ya kitalii, nauli huwa imejumuisha chumba na chakula. Chakula hicho hutolewa katika ukumbi mkuu wa kulia na katika sehemu ya kujipakulia. Humo mgeni hula mara tatu kwa siku, au zaidi, bila kutoa pesa mfukoni.

Mkahawa maalum uko nje ya mpango huo. Ni mkahawa mdogo zaidi, wenye meza chache, menyu yake na wahudumu wake, na mgeni hulipa ziada ili kula hapo. Mingi huuza steki, chakula cha Kiitaliano, cha Kifaransa au cha Kijapani. Katika meli za Norwegian Cruise Line kuna Cagney's na Le Bistro, Royal Caribbean wana Chops Grille, Princess wana Crown Grill, na Holland America wana Pinnacle Grill.

Malipo huwa ya namna mbili. Kuna mikahawa inayotoza kiasi kimoja kwa kila mtu, ale kidogo ale kingi, na kuna inayotoza kila sahani kwa bei yake. Vinywaji kwa kawaida huhesabiwa kando.

Bakshishi za aina mbili

Wageni wengi huchanganyikiwa kwa sababu melini kuna bakshishi mbili tofauti, na zote mbili huongezwa zenyewe.

Ya kwanza ni ya kila siku. Kampuni nyingi zinazohudumia soko la Marekani hutoza kila abiria kiasi fulani kwa siku, watoto wakiwemo katika meli nyingi, na kiasi hicho huingia katika akaunti ya chumba. Kwa vyumba vya kawaida, viwango vya miaka ya karibuni vimekuwa baina ya dola 16 na dola 20. Royal Caribbean, kwa mfano, ilipandisha kiwango chake hadi dola 18.50. Vyumba vya kifahari hutozwa zaidi. Pesa hizi ni za wahudumu wa ukumbi mkuu, wasafishaji wa vyumba, na wafanyakazi wengine wa huduma ambao mgeni huenda asiwaone hata mara moja.

Ya pili ni ya asilimia. Hii huongezwa kila mgeni anapolipia kitu cha ziada: kinywaji, kusingwa mwili, au chakula cha jioni katika mkahawa maalum. Royal Caribbean huongeza asilimia 18, na Norwegian Cruise Line asilimia 20. Kampuni nyingine kubwa zina viwango vinavyokaribiana na hivyo.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kubuni. Mume na mke wamekwenda kula steki, na mkahawa unatoza dola 60 kwa mtu. Chakula ni dola 120. Wameagiza chupa ya kinywaji ya dola 50. Jumla ni dola 170. Asilimia 18 ya hiyo ni dola 30.60, kwa hiyo bili inafika dola 200.60 kabla hawajafikiria kuongeza chochote.

Wakati huohuo, bakshishi ya kila siku inaendelea kuhesabiwa. Kwa kiwango cha dola 18.50, watu wawili kwa siku 7 watalipa dola 259. Usiku ule wa steki haupunguzi hata senti moja ya pesa hizo, ingawa hawakukalia kiti katika ukumbi mkuu.

Hapa ndipo manung'uniko huanza. Mgeni huuliza kwa nini amlipe weita wa ukumbi mkuu usiku ambao hakumhudumia. Jibu la kampuni ni kwamba kiasi cha kila siku ni cha timu nzima na kwa safari nzima. Chumba kilisafishwa siku ile, kiamsha kinywa kilitolewa, na meza ya ukumbi mkuu iliandaliwa ikamngoja, aje asije.

Adabu inayotarajiwa

Kwanza, soma bili kabla ya kusaini. Risiti nyingi za melini huonyesha asilimia iliyokwisha kuongezwa, kisha huacha mstari mtupu wa bakshishi ya ziada. Mstari huo ni wa hiari. Mgeni asiyesoma huandika asilimia 18 nyingine akidhani hajalipa, na akigundua baadaye humkasirikia mhudumu asiye na hatia.

Pili, kuongeza si lazima. Mtu aliyelipa asilimia iliyomo kwenye bili hajamnyima mtu haki yake. Akihudumiwa vizuri kupita kawaida, dola 5 au 10 taslimu zilizotiwa mkononi wakati wa kuondoka hupokewa kwa shukrani. Zinafaa zaidi pale ambapo mhudumu alijisumbua: alimpikisha mtoto chakula kisichokuwemo kwenye menyu, alimuuliza mpishi kama nyama ni halali akarudi na jibu la kweli, au alikumbuka kwamba mgeni hawezi kula karanga.

Tatu, toa noti. Sarafu za kigeni ni mzigo kwa mfanyakazi wa meli, kwani maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayazipokei. Katika meli nyingi sarafu ya kazi ni dola ya Marekani, na katika zile zinazohudumia Waingereza ni pauni.

Nne, usiende kwenye dawati la wageni kufuta bakshishi ya kila siku kwa sababu ulikula kwingine. Kampuni nyingi huruhusu mgeni kupunguza au kuondoa kiasi hicho kabla ya safari kwisha. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya huduma mbovu. Anayeitumia kubana matumizi anakata mapato ya watu waliokwisha kumfanyia kazi. Ile ya asilimia ni sehemu ya bili, na si rahisi kuondolewa.

Tano, angalia neno "bure". Baadhi ya kampuni huuza nauli inayokuja na milo kadhaa ya mikahawa maalum kama zawadi, kisha humtoza mgeni bakshishi kwa thamani kamili ya milo hiyo. Norwegian Cruise Line wamekuwa na mpango wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mlo ni bure, lakini asilimia 20 yake unailipa wewe.

Sita, taja jina. Mwisho wa safari mgeni huletewa fomu ya maoni, siku hizi mara nyingi kwa barua pepe. Jina la mhudumu likiandikwa humo kwa sifa, wakubwa wake huliona wanapoamua nani apandishwe cheo na nani aitwe tena. Sifa hiyo haimgharimu mgeni kitu, na kwa mhudumu huenda ikawa na thamani kuliko noti ya dola 10.

Ilikotoka desturi hii

Zamani mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Mgeni alikuwa na meza moja, saa moja ya kula na weita mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Usiku wa mwisho alitia pesa katika bahasha, moja ya weita, moja ya msaidizi wake, moja ya msafishaji wa chumba, akawapa mkono kwa mkono.

Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line walianza mtindo wa mgeni kula wapi atakapo na saa atakayo. Mikahawa iliongezeka, na mgeni akawa anahudumiwa na watu wengi tofauti. Bahasha moja ingempa nani? Ndipo malipo ya kila siku yaliyoongezwa moja kwa moja yakaenea. Royal Caribbean waliyafanya kuwa utaratibu wao wa kawaida mwezi Machi 2013.

Si kampuni zote zinazofuata njia hii. P&O Cruises ya Uingereza iliondoa malipo ya kila siku mwaka 2019 na kuyajumuisha katika nauli. Kampuni za kifahari kama Regent Seven Seas, Silversea na Seabourn nazo huhesabu bakshishi ndani ya nauli. Ndani ya meli kama hizo mgeni hatarajiwi kuacha kitu mezani.

Pesa humfikia nani?

Pwani tunaujua mfumo wa sanduku la bakshishi pale mapokezi ya hoteli. Kila mgeni hutia alichonacho, kisha pesa hugawanywa kwa wafanyakazi, wa jikoni na wa bustani wakiwemo. Meli hufanya kitu kinachofanana na hicho kwa kutumia kompyuta. Asilimia ya mkahawa maalum huingia katika hesabu ya kampuni, kisha hugawiwa kwa utaratibu ambao kampuni imeuweka: weita, msaidizi wake, anayepokea wageni mlangoni, na pengine wengine walio nyuma ya pazia. Weita aliyekuhudumia haichukui asilimia 18 yako yote.

Kuna tofauti nyingine ambayo ni muhimu kuielewa. Bakshishi halisi ni ile anayoamua mgeni mwenyewe, kiasi chake na anayempa. Kiasi kilichoongezwa kwenye bili bila kuulizwa ni malipo ya huduma. Mamlaka ya kodi ya Marekani imelishikilia jambo hili kwa waajiri wa huko tangu Januari 2014: kinachoongezwa chenyewe kwenye bili huhesabiwa kuwa mapato ya mwajiri, na akimpa mfanyakazi, basi huo ni mshahara. Meli nyingi za kitalii hupeperusha bendera za Bahamas, Panama au Malta, na mikataba ya wafanyakazi wake hufuata sheria za nchi hizo. Lakini tofauti yenyewe ni ileile. Noti uliyopewa mkononi ni yako, isipokuwa kampuni ina kanuni ya kuziweka pamoja. Pesa zilizopitia bili ni za kampuni kwanza, na wewe utapata kile ambacho mkataba wako umekitaja.

Katika mikataba mingi ya wahudumu wa melini, mshahara wa msingi ni mdogo, na juu yake huja fungu la malipo ya huduma. Mara nyingi kampuni huweka kiwango cha chini inachokihakikisha kwa mwezi, ambacho ndani yake tayari kuna bakshishi. Makusanyo yakipungua, kampuni hujazia hadi kiwango hicho. Yakizidi, mhudumu hupata ziada. Kwa hiyo anayeambiwa "mshahara ni huu, na tip juu yake" huenda anaambiwa jambo tofauti na lililoandikwa. Yawezekana tip iko ndani ya mshahara huo.

Nani hupata nafasi katika mkahawa maalum?

Ajenti anayemwahidi kijana aliyetoka chuoni jana kwamba ataanza katika mkahawa wa steki hasemi kweli, au haijui kazi. Nafasi hizo kwa kawaida huenda kwa wahudumu waliokwisha kuonekana katika ukumbi mkuu: wanaojua vinywaji, wanaoeleza menyu kwa Kiingereza fasaha, na wanaosifiwa na wageni kwenye fomu za maoni. Wanaoanza mara nyingi huwekwa kusafisha, kuosha vyombo, au kuondoa sahani sehemu ya kujipakulia. Huko mgeni hakujui jina, na noti ya mkononi ni nadra.

Aliyefanya kazi katika hoteli za Diani, Nyali, Watamu au Malindi ana mahali pa kuanzia, kwa kuwa kampuni nyingi hutaka uzoefu wa hoteli au mkahawa. Pamoja na hayo, asipige hesabu ya kujenga nyumba kwa bakshishi ya mkahawa ambao huenda akaufikia mkataba wa pili au wa tatu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioandaliwa na Shirika la Kazi Duniani, ulianza kutumika Agosti 2013, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Wahudumu wa meli za kitalii nao ni mabaharia kwa mujibu wa mkataba huo. Unampa mfanyakazi haki ya kuusoma mkataba wake na kutafuta ushauri kabla ya kuusaini, na kubaki na nakala iliyosainiwa. Itumie haki hiyo kuuliza haya:

1. Mshahara wa msingi ni kiasi gani, na kiwango kinachohakikishwa kwa mwezi ni kiasi gani?

2. Je, malipo ya huduma yamo ndani ya kiwango hicho, au yanakuja juu yake?

3. Idara nitakayowekwa inashiriki katika fungu lipi: la kila siku, la asilimia, au halishiriki lolote?

4. Mgeni akifuta bakshishi yake, hasara ni ya nani?

5. Meli ikisafiri bila wageni, au ikiwa chelezoni kwa matengenezo, nitalipwa vipi?

6. Je, noti ninazopewa mkononi ni zangu, au lazima niziwasilishe?

7. Mkataba ni wa miezi mingapi, na nikirudi nyumbani likizoni nitalipwa au la? Mikataba mingi ni ya miezi 6 hadi 9, na miezi ya mapumziko mara nyingi haina mshahara. Mapato ya mwezi yagawe kwa mwaka mzima kabla ya kusema ni mengi.

Mkataba huo wa kimataifa unataka pia mshahara ulipwe angalau mara moja kwa mwezi, mfanyakazi apewe karatasi ya hesabu inayoonyesha alichostahili na alicholipwa, na aweze kutuma sehemu ya mapato kwa jamaa zake. Unataka apate si chini ya saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7, au kazi yake isizidi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki. Karatasi hizo za hesabu zihifadhi zote. Mali bila daftari huisha bila habari, na bakshishi isiyoonekana kwenye karatasi ni vigumu kuidai.

Pesa ambazo hupaswi kutozwa

Hapa ndipo wengi huumia. Kijana huambiwa atoe maelfu ya shilingi "za nafasi", kisha hutulizwa kwamba zitarudi upesi kwa tip. Familia huuza ng'ombe au huingia katika deni.

Mkataba wa 2006 unakataza jambo hili wazi. Baharia hatakiwi kutozwa ada yoyote ya kutafutiwa kazi, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Gharama anazoweza kubeba ni za cheti cha afya kinachotakiwa na sheria ya nchi, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati kama hiyo ya kusafiria. Viza si mzigo wake, ni wa mwenye meli. Mafunzo ya msingi ya usalama baharini ni jambo jingine: hayo hulipiwa chuoni, kwa risiti ya chuo, na hayapitii mfuko wa ajenti.

Kabla ya kutoa chochote, fika katika Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, hapa Mombasa, uulize kama ajenti huyo ana leseni. Aliye na leseni hataona vibaya ukimkagua. Aliyekwisha kuingia melini naye hakosi pa kusemea: kila meli inapaswa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wafanyakazi, na baharia anaweza pia kulalamika kwa wakaguzi wa bandari meli inapotia nanga.

Kwa ufupi

Mgeni: lipa asilimia iliyo kwenye bili, usiifute ile ya kila siku bila sababu, ongeza noti kwa hiari yako ukiridhika, na andika jina la aliyekuhudumia.

Anayetafuta kazi: bakshishi ya melini, kwa sehemu kubwa, ni mshahara uliopitia mkononi mwa mgeni. Basi ihesabu kama unavyohesabu mshahara, kwa kusoma kilichoandikwa. Ajenti akikuambia mengine, mwombe akuonyeshe kifungu chake kwenye mkataba. Asipokuwa nacho, shika pesa zako urudi nyumbani.